Rula Imesema Sawa, Jicho Limekataa

Hotuba hii, kuhusu kufundisha kwa viinimacho, yaani vitu tunavyoviona tofauti na vilivyo, niliitoa Bagamoyo, kwenye mkutano wa wakufunzi wa saikolojia wa vyuo vya ualimu. Wenzetu kadhaa walibanwa na usahihishaji wa mitihani wasifike, wakaniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizobandika ukutani sikuziweka hapa, lakini mazoezi unaweza kuyafanya hapo ulipo kwa karatasi na kalamu.

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, wazee wetu mliostaafu mkakubali kuja kukaa nasi leo: habari za mchana.

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja achukue kipande cha karatasi. Ndiyo, sasa hivi. Ya daftari lenye mistari ni nzuri zaidi. Upande wa kushoto chora alama ndogo ya kujumlisha. Pima sentimita nane kwenda kulia, hapo weka nukta nene, kubwa kama punje ya choroko. Umemaliza? Funika jicho la kushoto kwa kiganja. Kwa jicho la kulia, ikodolee ile alama ya kujumlisha, na nukta usiiangalie kabisa. Sasa nyoosha mkono, halafu isogeze karatasi taratibu kuja usoni. Taratibu. Ukifika kama sentimita 30 hivi, kuna jambo litatokea.

Nasikia kelele huko nyuma. Mama wa mstari wa tatu, umesemaje? "Imeniponyoka!" Naam, imekuponyoka. Isogeze kidogo mbele, itarudi. Irudishe, itapotea tena.

Jambo hili lilionyeshwa na Mfaransa mmoja, Edme Mariotte, katika karne ya 17. Nyuma ya kila jicho kuna mahali ambapo neva inatoka kwenda kwenye ubongo, na hapo hakuna chembe hata moja ya kupokea nuru. Ni tundu. Umeishi na matundu mawili, moja kila jicho, tangu siku uliyozaliwa. Mbona hukuwahi kuyaona?

Na nauliza tena, kwa sababu hili ndilo swali hasa: nukta ilipotoweka, mahali pake mliona nini? Mliona shimo jeusi? Hapana. Mliona karatasi. Na ninyi wenye karatasi za mistari, mstari ulikatika? Haukukatika, ulipita moja kwa moja kana kwamba hapakuwa na kitu. Nani aliuchora mstari ule, ikiwa jicho halikupokea chochote pale?

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba macho, masikio, pua, ulimi na ngozi ni milango ya fahamu. Nalipenda neno hilo, na kwa muda mrefu lilinipoteza. Nilifikiri mlango maana yake ni upenyo: kilichoko nje kinaingia ndani kama kilivyo. Lakini nyumba yenye mlango si ina mwenyeji? Mgeni akibisha hodi gizani, mwenyeji anasikiliza sauti, anapima hatua, anakisia ni nani kabla hajafungua. Mara nyingi anakisia sawasawa. Siku akikosea ndipo tunagundua kwamba alikuwa anakisia siku zote. Kupokea nuru ni hisi. Kukisia ni nani aliyebisha ndiyo utambuzi. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliyaeleza haya katika karne ya 19: kuona ni kufikia hitimisho bila wewe mwenyewe kujua kwamba umehitimisha.

Kiinimacho, ndugu zangu, ni ile siku mwenyeji amekosea. Kwa hiyo kinafaa sana darasani, na kwa hiyo pia ni rahisi sana kukiharibu.

Nakiri mbele yenu kwamba nilikiharibu kwa miaka. Mwanzoni mwa kazi yangu niliifundisha mada hii kama mtu wa mazingaombwe. Nilikuwa na picha zaidi ya ishirini: chombo cha maua ambacho pia ni nyuso mbili, kazi ya Edgar Rubin wa Denmark, 1915, boksi la mistari linalojigeuza mbele na nyuma, la Louis Albert Necker, Mswisi aliyekuwa akichora fuwele mwaka 1832, bata ambaye pia ni sungura, msichana ambaye pia ni bibi kizee. Picha ikipita, nyingine inakuja. Darasa lilicheka, lilipiga makofi, watu wa darasa la jirani walisimama madirishani. Nilitoka pale nimejaa furaha.

Kwenye mtihani nikauliza: eleza tofauti kati ya hisi na utambuzi kwa kutumia mfano mmoja. Nikakaa usiku kusahihisha. "Mwalimu alituonyesha bibi ambaye ni msichana." Nikafungua nyingine. "Mwalimu alituonyesha bata." Nyingine tena. "Macho yanadanganya." Yanadanganya vipi? Kwa nini? Hakuna aliyesema. Picha walizikumbuka vizuri kabisa. Swali hawakulikumbuka, kwa sababu sikuwahi kuliuliza.

Tangu usiku ule nimeacha picha ishirini. Kwa kipindi kimoja natumia mbili, zikizidi tatu. Na hakuna mwanachuo anayeruhusiwa kucheka kabla hajaandika atakachokiona, hajapima kwa mkono wake, na hajabishana na mwenzake kuhusu sababu.

Niwaonyeshe kifaa changu kikuu. Hiki hapa. Ni manila, gundi na maka peni, basi. Mwaka 1889 Mjerumani Franz Carl Müller-Lyer alichapisha mchoro ambao nyote mnaufahamu: mistari miwili yenye urefu mmoja, mmoja una ncha za mkuki kila upande, mwingine una mikia ya samaki. Ule wa mikia ya samaki unaonekana mrefu zaidi. Wengi wetu tunauchora ubaoni, tunauliza upi mrefu, tunasema ni sawa, tunafuta. Mimi nimeukata vipande viwili. Mstari wa mkuki uko kwenye mfuko huu wa manila, na una sentimita 10. Mstari wa mikia ya samaki uko kwenye kadi inayoteleza humo ndani. Mwanachuo anavuta, anasukuma, mpaka jicho lake liseme "hapo sawa". Anageuza. Nyuma nimeandika milimita. Kosa lake analisoma mwenyewe.

Mwaka fulani nilikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza, mtoto wa fundi seremala. Aliposikia zoezi alisimama akasema, "Mwalimu, mimi mbao naikata kwa jicho. Hii hainipati." Akaivuta kadi, akafumba jicho moja kama mtu anayenyoosha ubao, akairekebisha kidogo, akasema tayari. Akageuza. Alikuwa amekosea kwa milimita 18. Akanyamaza. Akatoa rula yake mfukoni, akapima. Akaazima ya mwenzake, akapima. Akaenda mpaka meza ya mbele, akachukua rula yangu ya mbao, akapima mara ya tatu.

Nikamwambia: sasa iweke sawa kwa rula, si kwa jicho. Akaiweka, kumi kwa kumi, kamili. Halafu akainyanyua juu, akaitazama kwa muda. Darasa zima kimya. Akasema: "Mwalimu, rula imesema sawa, jicho limekataa."

Ndugu zangu, siku ile ndipo nilipoanza kufundisha saikolojia. Tunaamini kwamba mtu akishaelezwa ukweli, ataona ukweli. Na huyu kijana aliujua, alikuwa ameupima mara tatu kwa mkono wake, na bado jicho lake halikusogea hata milimita moja. Kujua kunakaa chumba kimoja, kuona kunakaa chumba kingine. Sasa mwalimu mtarajiwa aliyeliona hilo kwenye jicho lake mwenyewe, kesho akienda darasa la pili na kumkuta mtoto anayechanganya b na d, ameelezwa jana, ameelezwa juzi, atamwambia nini? Atamwita mkaidi? Mimi nawauliza wanachuo wangu hivyo hivyo, halafu natulia. Sijibu.

Ila swali la kijana lilibaki: kwa nini? Mwingereza Richard Gregory, miaka ya 1960, alipendekeza jibu moja. Tazameni kona ile ya ukumbi, pale ukuta unapokutana na ukuta. Mstari wa kona na mistari ya dari na sakafu vinafanya mkia wa samaki, na kona ile iko mbali nasi. Mkitoka nje mkatazama kona ya jengo inayotujia, mistari yake inafanya ncha ya mkuki, na kona hiyo iko karibu. Ubongo, anasema Gregory, umezoea: mkia wa samaki maana yake mbali. Na kitu kilicho mbali kikionekana sawa na kilicho karibu, basi kwa kweli ni kikubwa zaidi. Kwa hiyo unaurefusha.

Mkiliangalia vizuri, jibu hilo linazaa swali lingine. Kama ni kona za nyumba ndizo zimetufundisha, je, mtu aliyekulia kwenye msonge, nyumba ya duara isiyo na kona, ataona nini?

Watu waliuliza hivyo kweli. Mwaka 1898 daktari Mwingereza William Rivers alikwenda visiwa vya Mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na New Guinea, akakuta wenyeji wanadanganyika kidogo kuliko Waingereza kwenye mistari kama hii, lakini wanadanganyika zaidi kwenye mchoro mwingine, ule wa mstari wa wima unaoonekana mrefu kuliko wa ulalo ulio sawa nao. Kisha mwaka 1963 Wamarekani watatu, Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits, walitoa matokeo kutoka jamii 15. Majirani zetu Wanyankole na Watoro wa Uganda walikuwemo, na Wasuku na Wasonge wa Kongo, na Wazulu. Wakazi wa Evanston, Marekani, walihitaji mstari mmoja uongezwe karibu asilimia 20 ndipo wauone sawa na mwenzake. Wasan wa Kalahari walikaribia kutodanganyika kabisa.

Mnaona uzito wa jambo hilo? Vitabu vilikuwa vimeandika "binadamu huona hivi". Kumbe aliyepimwa alikuwa mwanafunzi wa chuo wa Marekani au Ulaya, na jicho lake ndilo lililodanganyika zaidi kuliko mengine.

Wanachuo wangu hulipenda sana hilo, na mimi huwakatisha hapo hapo. Kwa sababu hadithi haijaisha. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Gustav Jahoda alikwenda Ghana kupima wazo hilo la nyumba zenye pembe, na matokeo hayakumpa alichotarajia. Na mwaka 2015 kundi la mtafiti Pawan Sinha lilichapisha habari za watoto tisa wa India waliozaliwa na mtoto wa jicho, wakaishi bila kuona vizuri mpaka walipopasuliwa wakiwa na umri wa miaka 8 mpaka 16. Punde tu baada ya bandeji kutolewa walionyeshwa mistari ya Müller-Lyer. Walidanganyika kama wengine. Hawakuwa na miaka ya kujifunza kona za nyumba. Walidanganyika tangu mwanzo. Kwa hiyo jibu la Gregory, zuri kama lilivyo, halitoshi peke yake. Ubishi unaendelea hadi leo, na mimi nauingiza darasani ukiwa hai hivyo hivyo. Darasa moja likishika Segall na jingine likishika watoto wa India, kipindi cha dakika themanini hakitoshi. Nilikuwa na binti aliyekulia kwenye msonge, darasa zima likamgeukia, kadi ikampata kama ilivyompata mtoto wa seremala. Mtu mmoja si ushahidi, nikawaambia, naye pia akawaambia.

Na hapa niseme neno kwa uchungu. Katika vitabu vingi tunavyotumia kuna sentensi inayosema Waafrika hawaoni kina kwenye picha, yaani kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Imetokana na michoro ya William Hudson wa Afrika Kusini, 1960: mwindaji, swala, na tembo mdogo kwa mbali. Mtu akisema mkuki umeelekezwa kwa tembo, aliandikwa kwamba haoni kina. Lakini mchoro ule ulikuwa na desturi zake za kuchora, zinazosomwa kama maandishi yanavyosomwa, na asiyefundishwa kuzisoma alihesabiwa kuwa na upungufu wa macho. Mara nyingi sentensi ile inafuatana na hadithi ya mtu aliyeitwa Kenge, Mmbuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull alimpeleka kwenye uwanda ulio wazi karibu na Ziwa Edward, naye alipowaona nyati kwa mbali sana akauliza hao ni wadudu gani. Ni hadithi yenye mafunzo: mtu aliyekulia msituni, ambako jicho haliendi mbali, hajapata nafasi ya kuzoea umbali ule. Lakini ni mtu mmoja, siku moja, hakuna kilichopimwa. Tafadhali, wakufunzi wenzangu, msiisome sentensi ile mbele ya vijana wetu kama vile ni sheria ya maumbile. Isomeni, halafu waulizeni: nani alichora? Nani alipimwa? Nani aliamua jibu sahihi?

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulifundishwa na kitabu.

Darasani kwangu alikuwepo kijana asiyeona. Kipindi cha viinimacho kikifika, wenzake wote wamechangamka, yeye ameketi, mikono juu ya mashine yake ya Breili, anasubiri kengele. Vipindi viwili vilipita hivyo. Mimi nilikuwa mbele nafurahia darasa langu. Aliyenistua ni yeye mwenyewe, aliponifuata na kuniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, kwenye mtihani hii mada nitaijibu kwa kuikariri?"

Sikulala vizuri siku ile. Kesho yake nikatafuta makopo mawili: moja kubwa la maziwa ya unga, moja dogo la nyanya. Nikajaza mchanga. Lile kubwa nikalikazia kwa matambara ndani ili mchanga usicheze, nikayafunga. Nikaenda nayo duka la jirani nikamwomba mzee mwenye duka anisaidie mizani. Tukaongeza, tukapunguza, mpaka yote mawili yakawa gramu 600. Nikamwambia, "Mzee, hebu yainue." Akainua moja, akainua la pili. "Hili dogo limezidi." Nikamwonyesha mizani. Akayainua tena. "Mwalimu, mimi napima sukari miaka thelathini. Hili dogo limezidi." Akayarudisha kwenye mizani, akainama mpaka macho yakawa sambamba na mshale. Sawa. Akakaa kwenye kigoda chake, akasema polepole: "Kuna mama ananilaumu kila wiki kwamba namkata. Tangu nilipoanza kufungia sukari kwenye mifuko mikubwa. Kumbe hasemi uongo. Anaisikia nyepesi kweli."

Hilo lina jina la Mfaransa Augustin Charpentier, 1891. Ubongo ukijua kitu ni kikubwa, unajiandaa kwa uzito mkubwa. Kikija chepesi kuliko maandalizi, unakisikia chepesi mno. Na hata maandalizi yenyewe si jibu kamili: mwaka 2000 watafiti walipima nguvu ya vidole, wakaona kwamba baada ya kuinua mara kadhaa vidole vinajirekebisha, vinatumia nguvu ile ile kwa yote mawili, ila mtu bado anasema dogo ndilo zito. Vidole vimejua, mtu hajajua.

Nikayapeleka makopo darasani, nikamwita kijana wangu mbele. Akayashika kwa viganja, akayazungusha, akayainua. "Dogo ni zito." Nikayafunga kamba, nikamwambia ainue kwa kamba tu, asiguse kopo. Akainua moja, akainua jingine, akarudia. "Haya sasa ni sawa. Umebadilisha?" Sikubadilisha. Akasimama pale kidogo, halafu akageukia darasa, sauti yake naikumbuka mpaka leo: "Jamani, ni ukubwa. Nikiujua ukubwa, uzito unabadilika. Nisipoujua, haubadiliki." Nani alifundisha kipindi kile? Mimi? Wote waliokuwa na macho walifumba macho yao, wakapanga foleni kwenye kamba.

Tangu hapo mistari ya Müller-Lyer naitengeneza pia kwa uzi wa katani uliogandishwa juu ya manila. Kidole kinadanganyika kama jicho, hata cha mtu ambaye hajawahi kuona. Tengenezeni. Ni gharama ya chai ya asubuhi.

Na msiniambie kwamba chuo hakina projekta. Chukueni kipande cha karatasi ya kijivu, mkikate mara mbili. Kimoja kiwekeni juu ya kanga yenye ardhi nyeusi, kingine juu ya yenye ardhi nyeupe. Juu ya nyeusi kinang'aa, juu ya nyeupe kinafifia. Michel Eugène Chevreul, mkuu wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko kwamba rangi yake nyeusi ni dhaifu. Akaipima, akaikuta nzima kabisa. Iliyokuwa inaidhoofisha ni rangi ya uzi wa jirani. Aliyaandika hayo mwaka 1839, miaka 50 kamili kabla ya Müller-Lyer. Kina mama wanaochagua kanga dukani wanazitoa nje mlangoni, wanaziweka pamoja na nguo watakayoivaa nayo. Wanajua.

Neno la mwisho kuhusu majina, kwa sababu wanachuo hukwama hapo. Kiswahili kina kiinimacho, mazingaombwe, mazigazi na mauzauza, na kwenye vichwa vya wengi vinachanganyika na uchawi. Vitenganisheni. Mwanachuo aliwahi kuniletea simu yenye picha ya barabara ya lami saa saba mchana, maji yanametameta kwa mbele, na hakuna maji. "Mwalimu, simu haina ubongo, mbona nayo imedanganyika?" Swali la dhahabu. Yale ni mazigazi: hewa ya moto juu ya lami imeupinda mwanga, kwa hiyo kamera nayo inayapata. Kiinimacho kamera haikipati. Na hapo ndipo ninapowaambia: haya, upigeni picha mwezi unapochomoza.

Mmewahi kufanya hivyo? Unauona mkubwa kama sinia, unatoa simu, unabonyeza, na kwenye kioo kinatoka kinukta. Watu husema ni hewa ya karibu na ardhi inaukuza. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alieleza miaka elfu moja iliyopita kwamba jambo hili limo katika hukumu ya anayeona: ukubwa tunaupima kwa umbali tunaodhani kitu kiko, na mwezi ulio juu ya nyumba, minazi na upeo wa bahari tunaudhani uko mbali zaidi. Wanasayansi bado hawajakubaliana juu ya kila kipengele chake.

Leo ni usiku wa kumi na nne wa mwezi, na tuko Bagamoyo, bahari iko mashariki yetu. Jua likishazama tukutane ufukweni. Pale mlangoni nimeweka bakuli la kunde. Kila anayetoka achukue punje moja. Mwezi ukiwa umegusa maji, mwandikie kwanza jirani yako unaona ukubwa gani. Kisha fumba jicho moja, nyoosha mkono mpaka mwisho, shika punje kwa vidole viwili, uufunike mwezi. Saa nne usiku tutoke tena, mwezi ukiwa juu ya minazi, kwa punje ile ile na mkono ule ule. Msiile kabla ya saa nne.